Kumulika mayai na kutotolesha vifaranga nyumbani, toka yai mpaka kifaranga mkavu

Mtu anaweka mayai 60 kwenye mashine, siku ya 21 anapata vifaranga 22, anakasirika anasema mashine mbovu na wiki inayofuata ameshaitangaza anaiuza. Ukimuuliza yale 38 mengine yalikuwa na nini hajui. Hayakuwa na mbegu? Yalikufa wiki ya kwanza? Kifaranga alikua mpaka mwisho akashindwa kutoka? Kwake yote ni mayai viza basi. Na shida ipo hapohapo, maana kila hali kati ya hizo ina sababu yake na dawa yake, na kitu cha kukuonyesha tofauti ni tochi ya simu uliyonayo mfukoni. Mi natotolesha nyumbani hapa Dodoma, kuku wa kienyeji, Kuchi kidogo, na bata mara mojamoja, na kama ningeambiwa nimfundishe mfugaji kitu kimoja tu ningemfundisha kumulika mayai. Nitaeleza yote toka kuchagua yai ila kwenye kumulika nitakaa sana.

Tuanze na yai

Mayai ya trei ya dukani ya kuku wa kisasa usihangaike nayo, mitetea ile inafugwa bila jogoo, hata uyaweke mwezi hutoki na kitu. Unataka yai la tetea anayeishi na jogoo, na jogoo mmoja anatosha mitetea 8 mpaka 10, ukimpa 20 utaanza kuona mayai meupe mengi, yaani yasiyo na mbegu. Ukileta jogoo mpya subiri kama wiki moja ndo uanze kukusanya, na kama unataka damu yake yeye tu bila kuchanganya basi toa yule wa zamani usubiri wiki 3 kwa sababu tetea anatunza mbegu mwilini wiki mbili na zaidi.

Kabla yai halijakaa kwenye joto tochi haiwezi kukwambia kama lina mbegu, anayekwambia anaweza anakudanganya. Njia ya kujua ni kuvunja machache, matatu manne yale ambayo ungeyakaanga tu, uangalie juu ya kiini. Kila kiini kina kidoa cheupe. Yai lisilo na mbegu kile kidoa ni kidogo, cheupe pepepe, hakina umbo la maana. Lenye mbegu kidoa ni kipana kidogo, kina duara linaloonekana kabisa, kama mtu kachora pete nyembamba halafu katikati panaangaza. Nikivunja manne nikakuta pete kwenye manne yote naweka mashine roho imetulia.

Chagua mayai ya saizi ya kati yenye umbo la yai, yaani upande mmoja mpana mwingine una ncha. Lile la duara kama mpira acha, kubwa sana lenye viini viwili acha, lenye ufa hata mdogo acha. Usioshe. Ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu, ukiosha na maji ya baridi unaondoa ule utando na vijidudu vinafyonzwa ndani, kama lina uchafu mkavu kidogo kwangua taratibu na kitambaa kikavu na lenye kinyesi kingi kula.

Kutunza, ncha chini upande mpana juu, mahali pa ubaridi kiasi, nyuzi 15 mpaka 18 ndo nzuri, friji hapana, baridi yake inaua. Huku kwetu joto la mchana ni kali kwa hiyo mi trei zangu nazikalisha sakafuni chumba cha nyuma kisichopigwa jua na pembeni kuna mtungi wa maji, panapoa vizuri. Siku 7 ndo mwisho wangu, baada ya hapo kila siku unapoteza vifaranga. Na kama mayai yamesafiri na basi au bodaboda usiyaingize moja kwa moja, yaache yatulie ncha chini mpaka kesho yake.

Mashine

Inkubeta yenye feni weka nyuzi 37.5, na isiyo na feni, yale mabox ya balbu tunayotengeneza wenyewe, pima usawa wa juu ya mayai iwe kama 38.5 hivi maana humo hewa ya juu ni ya moto kuliko ya chini. Iwashe siku nzima kabla hujaweka yai. Na usiamini namba inayosoma mlangoni! Mashine yangu ya kwanza ilikuwa inasoma 37.5 kumbe ndani ni karibu 39, nikapoteza mayai ya awamu mbili nikimlaumu jogoo, nikachinja jogoo mzuri kabisa, mpaka siku nilipoingiza kipimajoto cha kupimia homa nikaona mwenyewe. Inaniuma mpaka leo. Sasa kipimajoto chochote nakijaribu kwanza, barafu iliyopondwa na maji kidogo kwenye glasi, koroga, chovya, lazima kisome 0. Hicho cha homa hakishuki mpaka huko ila chenyewe ndo kizuri kulinganishia maana kimetengenezwa kwa joto hilihili la 37 na 38.

Joto likishuka kidogo yai linachelewa tu. Likizidi linaua, na haraka. Kwa hiyo ukiwa na mashaka bora ikae chini kidogo kuliko juu.

Unyevu ni asilimia 50 mpaka 55 siku 18 za kwanza halafu 65 mpaka 70 siku tatu za mwisho. Hapa watu wanakosea kwa kufuata maelekezo ya mtu wa mji mwingine. Aliyeko Tanga au Dar hewa yenyewe ina maji, anaweza kukaa siku 18 na kibakuli kidogo tu na ikawa sawa. Mi Dodoma kiangazi nisipojaza vibakuli viwili nakaushia vifaranga ndani ya ganda. Kwa hiyo usikopi idadi ya vibakuli, soma kipima unyevu chako, na bora zaidi pima yai lenyewe kama nitakavyoeleza mbele.

Kugeuza ni angalau mara 3 kwa siku, mi nageuza mara 5. Witiri ndo nzuri ili usiku mrefu yai lisilale upande uleule kila siku. Weka alama X upande mmoja na O mwingine kwa penseli, bibi zetu walikuwa wanatumia mkaa na inafaa vilevile, ila maka peni usitumie. Usipogeuza kiinitete kinagandana na utando wa ganda na kinafia hapo.

Kumulika sasa

Huhitaji kununua kitu. Chukua lile gamba la katikati la toilet pepa, kata libaki nusu, kalisha kwenye tochi ya simu ulishike kwa mkono au uzungushie plasta nyeusi ili mwanga usivuje pembeni. Subiri usiku, mi nafanya saa 2 watoto wakishalala, zima taa zote funga na pazia, giza likiwa zuri hata yai la ganda la kahawia unaliona. Nawa mikono kwanza. Shika yai upande mpana ukae juu ya mwanga, lizungushe taratibu na vidole viwili. Kila yai sekunde 10 mpaka 20 linatosha, na mashine ikifunguliwa jitahidi umalize ndani ya dakika 15, kama mayai ni mengi toa kwa trei, trei moja ikiwa mezani nyingine ziko kwenye joto.

Siku ya 7 ndo ya kwanza. Ganda jeupe au la krimu unaweza kuona hata siku ya 4 ila kwa anayeanza ngoja ya 7 usije ukatupa yai zima. Unachotafuta ni mishipa. Yai hai utaona mishipa myembamba myekundu imesambaa kama utando wa buibui, na katikati kidoa cheusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti, hilo ni jicho. Tulia hapo usikimbilie lingine. Ukishikilia yai bila kutikisa utaona kile kidoa kinacheza, kinapanda kinashuka, kinyama chenyewe kinaogelea humo ndani. Mi hii nimeiona mara nyingi sana lakini bado usiku wa siku ya saba namwita mke wangu aje aone, na mwanangu wa kwanza alipoona mara ya kwanza alishusha sauti akaanza kunong'ona eti tusimwamshe.

Lisilo na mbegu linaangaza lote, njano safi, unaona kivuli cha kiini kinatembea tu hamna mshipa hata mmoja. Hayo ni wazi hayana kitu, toa. Halafu kuna lile lenye pete ya damu, mstari mwekundu umezunguka kama uzi, ndani ya pete hamna mishipa au kuna kidoa kimeganda hakichezi. Hilo lilianza likafa siku za mwanzo mwanzo. Tenganisha hesabu za hayo mawili! Mayai meupe mengi ni habari ya jogoo na mitetea, ama jogoo hatoshi, ama mzee, ama anapendelea mitetea wawili watatu. Pete za damu nyingi ni habari yako wewe, mayai yalikaa sana kabla ya kuingia, yalitikiswa njiani, au joto la siku za mwanzo lilipanda na kushuka.

Usiloliona vizuri chora alama ya kuuliza ulirudishe, utaliona siku ya 14. Hamna sababu ya kutupa kwa kubahatisha, isipokuwa lenye harufu au linalotoa majimaji kwenye ganda, hilo toa polepole bila kuligonga upeleke mbali maana likipasuka humo ndani linachafua yote.

Siku ya 14 yai hai ni zito la giza, mishipa imekuwa minene, na upande mpana kuna chumba cha hewa kimeongezeka kinaangaza. Ukisubiri kidogo kivuli kinastuka. Lililokufa katikati mishipa yake imepotea na ndani kuna uji mweusi unaocheza huku na huku ukilipindua. Siku ya 18 yai zima ni jeusi tii isipokuwa chumba cha hewa, ambacho sasa kimechukua kama theluthi moja ya yai na mstari wake umeinama upande.

Chumba hicho cha hewa ndo kipima unyevu cha kweli. Kila ukimulika chora mstari wake kwa penseli juu ya ganda, siku ya 7, ya 14, ya 18, utaona mistari mitatu inashuka. Mistari ikibanana chumba bado kidogo ujue unyevu umezidi punguza maji, ikishuka haraka kuliko kawaida ongeza. Mwenye mzani mdogo wa jikoni atapata jibu la namba kabisa, kwa sababu yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 ya uzito mpaka siku ya 18. Pima mayai 10 kwa pamoja siku ya kuweka, tuseme gramu 500, siku ya 7 yawe kwenye 477 hivi na siku ya 18 yawe kama 440. Ukikuta 465 siku ya 18 chumba cha hewa ni kidogo, vifaranga wataumuka maji na wengi watafia ndani wakijaribu kutoka.

Kama ni kuku anaatamia mwenyewe

Yote haya ya kumulika yanafaa hata bila mashine. Mpe tetea mayai 10 mpaka 13 kutegemea mwili wake, kiota kiwe na majani makavu na majivu kidogo chini, na ua utitiri kwanza maana utitiri ndo unamfukuza kuku kwenye mayai. Ukiwa na mitetea wawili watatu walioanza kutamia siku tofauti waachie mayai ya kuwazuga, halafu usiku mmoja waondolee wote uwawekee mayai ya kweli kwa pamoja. Siku ya 7 mulika usiku, ukikuta huyu ana hai 7 na yule 5 mpe mmoja yote 12, wa pili unaweza kumwekea mapya. Vifaranga wakitoka anabaki mmoja analea wengine wanarudi kutaga mapema.

Umeme ukikatika

Usikimbilie kufungua uone. Funga matundu ya hewa, funika mashine na blanketi, ukatikaji wa saa moja mbili hata usistuke. Ukizidi weka ndani chupa za maji ya moto, moto wa kuvumilika mkononi, uzizungushie kitambaa zisigusane na mayai. Mayai ya siku za mwisho yanatengeneza joto lake yenyewe na yanataka hewa kwa hiyo hayo usiyabane matundu yote, na usizidishe chupa. Umeme ukirudi endelea kawaida, baada ya siku nne tano mulika uhakikishe. Nimeshapoteza umeme kwa masaa 6 siku ya 11 na nikatotoa vizuri ila walichelewa karibu siku nzima.

Siku tatu za mwisho

Siku ya 18 baada ya kumulika, acha kugeuza. Laza mayai kwenye trei ya kutotolea, tandika kitambaa chenye mikwaruzo wasije wakateleza miguu ikapanuka, jaza maji unyevu upande, funga. Na ukishafunga umefunga. Hapa ndo naona watu wanaua vifaranga wao wenyewe kwa mapenzi, kila saa wanafungua wachungulie, unyevu unatoka ule utando wa ndani unakauka unamnata kifaranga kama gundi.

Siku ya 19 au 20 kifaranga anatoboa kwenye chumba cha hewa anaanza kupumua, weka sikio karibu na mashine utasikia analia humohumo ndani ya yai na wenzake wanajibu. Halafu anadonoa ganda linapasuka kidogo kama nyota. Baada ya hapo anaweza kukaa saa 12 mpaka 24 hujaona chochote kinaendelea! Hajafa. Anavuta kiini kiingie tumboni na damu iliyoko kwenye mishipa ya utando irudi mwilini, ukimbandua ganda muda huo utaona damu inatoka na kitovu kiko wazi. Akishamaliza kazi hiyo anazunguka anakata ganda kwa duara, na hapo mpaka kutoka ni muda mfupi. Mi namsaidia yule tu aliyezunguka zaidi ya nusu ya ganda akakwama masaa na utando umekuwa wa kahawia mkavu, nalowesha na maji ya uvuguvugu kidogo kwa pamba, nafungua kidogo namwacha amalizie.

Aliyetoka mwache ndani mpaka akauke manyoya yakae, hafi njaa, kile kiini alichovuta kinamtosha siku mbili mpaka tatu. Natoa wote kwa mkupuo mmoja au miwili. Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe imeshapashwa nyuzi 32 mpaka 35 na maji yapo kabla hujawahamisha, na mpango wa chanjo ya kideri uwe umeshaongea na mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Kwa wanaofuga ndege wengine, tofauti kubwa ni siku. Kware 17 mpaka 18, kanga 26 mpaka 28, bata mzinga 28, bata wa kawaida wa maji 28, ila hawa bata wetu wenye nyama nyekundu usoni ni 35, wengi wanawatupa siku ya 30 wakidhani viza kumbe wako hai. Kuacha kugeuza ni siku tatu kabla ya siku ya kutoka.

Siku ya 22, kama hamna tena wanaoendelea kutoka, yasiyototolewa usiyatupe mazima. Nenda nje, vaa glovu, vunja moja moja uangalie. Kifaranga kamili amelowa na maji yamejaa, unyevu ulizidi siku 18 za kwanza. Kifaranga kamili amenatwa na utando mkavu, unyevu ulipungua mwishoni au ulifungua fungua. Kama waliotoka walitoka siku ya 19 wakiwa wadogo na vitovu havijafunga joto lilikuwa juu, na kama wengi wametoka siku ya 22 na 23 wamelegea joto lilikuwa chini.

Mi naandika kwenye daftari la shule kila awamu. Ya mwisho iko hivi: mayai 48, siku ya 7 nimetoa meupe 4 na pete ya damu 2, siku ya 14 moja, siku ya 18 yamebaki 41, vifaranga 37, manne niliyovunja matatu yamenatwa kavu. Kwa hiyo jogoo yuko sawa, joto liko sawa, na awamu hii naongeza kibakuli kimoja cha maji kuanzia siku ya 18. Mayai mapya yapo sakafuni pembeni ya mtungi, leo yametimia siku 5.